Namba Sitini na Moja

Theodora Temu alikuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka thelathini na minane alikalia kiti kile kile, katika chumba kile kile chenye kiyoyozi, mjini Moshi, akiilinda kompyuta kubwa ya Ushirika wa Mringaringa kama mama mkwe anavyolinda jiko lake. Ofisini walimwita mama Godlove, na wengi waliamini mashine ile haiwaki asipokuwepo. Zilibaki wiki tatu astaafu. Lakini wiki ile kiti kilimshinda. Alikuwa akiketi, anasimama, anachungulia dirishani, anarudi, na chai yake inapoa bila kuguswa.

Kilichomsumbua kilianza zamani, naye ndiye aliyekianzisha.

Mashine ilifika mwaka themanini na sita, ikiwa imeshatumika Ulaya. Ilikuwa na ukubwa wa kabati tatu, lakini diski zake hazikuweza kubeba hata robo ya kinachobebwa na simu ya leo. Wakulima wa kahawa walikuwa maelfu kwa maelfu. Ndipo ilipowekwa programu ya kubana data, nayo ilifanya kazi kwa akili ya kawaida kabisa: neno linalojirudia huandikwa mara moja tu kwenye jedwali, na kwingine kote huwekwa namba yake. Sasa Uchagani kuna neno gani linalojirudia kuliko jina la ukoo? Kijiji kizima ni akina Njau, unavuka korongo unakuta akina Temu watupu. Kila ukoo ukapewa namba ya tarakimu mbili, na nafasi ikapatikana. Mtaalamu aliyeifunga aliacha onyo moja, kwamba namba ikishatolewa haifutwi.

Mwaka tisini na sita walijiunga wakulima wa Rombo pamoja na koo zao, na jedwali likajaa hadi tisini na tisa. Mtaalamu alikuwa ng'ambo, na foleni ya watu ilifika barabarani. Theodora, mwanamke wa pekee katika chumba cha mashine, hakutaka mtu aseme kazi imemshinda. Akatafuta koo nne ambazo hazikuwa na mwanachama hata mmoja aliyebaki, akazifuta, na namba zao akazigawa upya. Sitini na moja, iliyokuwa ya akina Kisoka, familia chache za Old Moshi zilizong'oa kahawa zikapanda nyanya, ikawa ya akina Lasway. Akaandika mabadiliko hayo kwenye daftari lake na kutia sahihi. Foleni ikaisha, na akasifiwa.

Kanda za zamani za kumbukumbu, zenye orodha ya vihamba, yaani mashamba ya urithi ya familia, vilivyopimwa mwaka themanini na nane, zilibaki kabatini na namba zilezile za mwanzo, na mashine ikawa inazisoma kwa majina mapya. Aliyetaka barua ya kuthibitisha kihamba cha babu yake alipitia kwa Theodora, naye alisahihisha jina kwa kalamu kabla ya muhuri kugongwa. Sahihisho lilikaa kichwani mwake, na hakumwambia mtu. Mficha uchi hazai, lakini yeye alijiona amezaa na amelea.

Mwaka jana wenye programu ile wakatangaza kuwa hawataihudumia tena. Meneja, Bwana Valerian, akaita kikao. Njia zilikuwa tatu: kuongeza diski kwenye mashine kuukuu kwa vipuri vya kuokoteza, kununua programu mpya ya kubana, au kufungua kila kilichobanwa na kukihamishia kwenye seva za kukodi Dar es Salaam. Valerian aliipenda ya tatu kabla hajaielewa. Kazi akapewa Amandeep, fundi aliyezaliwa hapahapa Moshi, mtu mwenye adabu na kilemba kisichopinda hata siku moja. Yeye ndiye aliyeuliza swali lililotakiwa.

"Mama, hili jedwali liko kamili? Hakuna namba iliyowahi kubadilishwa?"

"Liko kamili," alijibu Theodora.

Kwa nini alisema hivyo? Aibu, basi. Hakuna maelezo marefu. Alijiambia atamweleza kesho, na kesho ikawa mwaka. Tangu hapo barua zilitoka kwenye mfumo wa majaribio, mezani kwa Amandeep, hazipiti tena kwake.

Jumatatu ile akaja Dominika Kisoka, mjane wa Old Moshi. Jirani yake, Isack Lasway, alidai sehemu ya juu ya kihamba, ile yenye migomba mizuri, kuwa ni ya babu yake. Shauri lilikuwa Alhamisi kwenye baraza la kata, na Dominika alitaka orodha ya themanini na nane ili alimalize. Amandeep akatafuta, akachapa, na meneja akagonga muhuri. Dominika akaisoma mara mbili.

"Baba, hapa pameandikwa Lasway."

"Ndivyo ilivyo kwenye kumbukumbu, mama. Pole sana."

"Mkwe wangu alikuwa Kisoka. Masale ya mpaka aliyapanda kwa mikono yake." Akageuka akamwona Theodora mlangoni. "Mama Godlove, wewe ni wa zamani hapa. Hebu niambie, mashine inakosea?"

Theodora alifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba angeangalia. Dominika akasubiri, akaona hakuna kinachoangaliwa, akaikunja karatasi na kuondoka.

Jumanne Theodora aliomba ruhusa kazini, lakini hakutulia popote. Alifua nguo safi. Alipanda basi hadi Bomang'ombe, akazunguka soko akiulizia bei ya vitu asivyovihitaji, akarudi mikono mitupu. Mumewe akamuuliza anatafuta nini, akajibu hajui, akasimama tena. Moyo ulikuwa unamchoma, na alijua hasa unamchomea wapi. Akinyamaza, mjane anapoteza kihamba alimozikwa mume wake. Akisema, miaka thelathini na minane ya heshima inaondoka kwa sentensi moja.

Jumatano akaingia kwa meneja na kumweleza yote. Valerian alisikiliza huku akikunja na kukunjua miwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi iwe hivyo hivyo. Wiki tatu tu, mama Godlove. Mbuzi wa sherehe yako ameshapatikana. Ukisema leo, kila barua ya ofisi hii itatiliwa shaka."

"Inastahili kutiliwa shaka."

"Mimi sijasikia hayo," alisema Valerian, na akavaa miwani.

Alhamisi Theodora hakwenda kazini. Alipanda mlima hadi Old Moshi, akakuta wajumbe wamekaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya kata, Mzee Ebenezeri akiwa katikati, mwenyekiti. Barua yenye muhuri, ambayo baraza lilimtaka Dominika aitoe, ilikuwa imeshasomwa. Isack Lasway hakuwa akijigamba. Alisema tu kwamba barua ni ya ofisi, yeye hakuiandika. Dominika alikuwa ameshika tama.

"Shikamoo mzee. Naomba kusema," alisema Theodora. "Barua hiyo ni ya uongo, na uongo ni wangu."

Akaeleza akiwa amesimama. Alieleza jinsi majina yalivyofanywa namba ili yaenee, na jinsi namba ya ukoo mmoja ilivyovishwa ukoo mwingine. Wazee wa mlimani hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Ebenezeri akaomba ushahidi, naye akampa daftari. Mwaka tisini na sita, Kisoka imekatwa kwa mstari, pembeni Lasway, chini sahihi yake ya ujana. Daftari lilizunguka kwa wajumbe wote. Isack aliufuata mstari ule kwa kidole, kisha akasema hana neno, kihamba ni cha huyu mama. Dominika akaanza kulia, na Theodora akaketi kwenye benchi, akatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Lakini Mzee Ebenezeri alikuwa hajarudisha daftari.

"Mwanangu, umesema zilikuwa namba nne."

"Ndiyo, mzee."

"Hii kumi na saba. Hapa umekata Mchau."

"Ndiyo."

Mzee akawatazama wajumbe wenzake, nao wakaangalia chini.

"Familia moja ya akina Mchau ilikuja hapa mwezi wa pili. Mpinzani alileta barua kama hii, ina muhuri huohuo. Mimi ndiye niliyewasihi wakubali, maana nani atabishana na kompyuta? Wakakubali. Nyumba imeshabomolewa."

Theodora alilichukua daftari, akaliweka mkobani, halafu akalitoa tena kwa sababu hakujua mikono aipeleke wapi.

"Wako wapi sasa?" aliuliza.

"Wamehamia Mkuu, kule Rombo, kwa ndugu zao. Baba mtu hakufika. Alifariki kabla hawajafunga mizigo."

Theodora akauliza basi la mwisho la kwenda Rombo linaondoka saa ngapi.