Nyongo ya Binti Yangu

Mimi ni mtu wa maini. Nimeuza nyama Kikopey, hapo kando ya barabara kuu karibu na Gilgil, tangu nikiwa kijana mwembamba ambaye moshi wa choma ulimfunika mzima mzima. Siku hizi unanifunika nusu tu. Kila asubuhi huenda kichinjioni, huvaa gambuti, na mbuzi akishaning'inizwa ni mimi mwenyewe ninayeingiza mkono tumboni. Kazi nyingine huwaachia wenzangu, lakini ini siachii mtu. Chini yake kuna kifuko cha nyongo, na kisu kikiteleza kidogo tu, nyama yote iliyoguswa huwa chungu, na mteja aliyetoka mbali na familia yake harudi tena. Nilikuwa najigamba kwamba sijawahi kupasua nyongo. Nilikuwa najigamba kwa mambo mengi, kama utakavyoona.

Mke wangu alipojifungua binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa baba wa kisasa kwa mdomo. Niliwaeleza wateja jinsi ya kumbeba mtoto mchanga na jinsi ya kumcheulisha. Lakini nepi sikugusa. Mimi ninayeosha matumbo ya mbuzi kabla ya chai, ninayeyageuza ndani nje kama soksi, nikiona nepi inafunguliwa nilitoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia. Mke wangu aliniuliza mara moja tofauti ni gani. Nikamwambia ile ya mbuzi ni kazi. Hakuniuliza tena, na mimi nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano tangu siku zake za kwanza. Muuguzi alituambia kwamba watoto wengi huwa hivyo na huisha yenyewe, ila ikipita wiki mbili turudi apimwe. Hiyo sehemu ya kurudi niliisikia nusu, maana nilikuwa namweleza muuguzi habari za choma. Mke wangu aliendelea kumwanika mtoto kwenye jua la asubuhi, na manjano yakaendelea kukaa. Mwezi wake wa kwanza ulipokaribia kuisha, mke wangu akasema twende hospitali. Mimi nikambeba mtoto hadi dirishani, nikamgeuza huku na huku kama ninavyoligeuza ini kwenye mwanga, nikatangaza kwamba rangi imepungua.

Akasema mkojo wa mtoto umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Nikasema labda hanywi maji ya kutosha.

"Mtoto mchanga hanywi maji," akasema.

Alimfunga mtoto kwenye shali, akaenda akasimama kando ya pikapu mpaka nikaleta funguo. Tukaenda Nakuru.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alimpapasa mtoto tumboni, chini ya mbavu za kulia, akasema ini limevimba. Nilipolisikia neno ini niliona zamu yangu imefika. Nikamweleza kwamba ini la mbuzi likivimba mara nyingi ni minyoo, hasa msimu wa mvua, na kwamba mkaguzi wa nyama kichinjioni huniuliza maoni. Jambo hilo la mwisho si kweli. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Baba mtoto," akasema, "choo chake ni rangi gani?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ni gani?"

Nikamtazama mke wangu. Daktari hakumtazama. Alinisubiri mimi, nadhani kwa sababu ndimi niliyekuwa nazungumza tangu tuingie. Nikasema kahawia, kwa sauti ya mtu anayekisia bei ya ng'ombe wa watu. Mke wangu akafungua mkoba, akatoa nepi aliyombadilisha njiani, akaikunjua mezani. Choo kilikuwa cheupe, kama unga wa ugali uliolowa maji. Nilikuwa nimeishi nacho nyumba moja wiki zote hizo na sikuwahi kukiona.

Daktari alituchorea ini kwenye karatasi, mchoro mbaya kweli, lakini kwa mara ya kwanza siku hiyo nilinyamaza. Ini hutengeneza nyongo, alisema, na nyongo hupita kwenye mirija myembamba hadi kwenye utumbo. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Choo kikiwa cheupe, nyongo haifiki. Huenda ini lenyewe ndilo linaumwa, kile wanachokiita hepatitis ya watoto wachanga. Wakati mwingine huletwa na virusi ambavyo mtoto hupata akiwa bado tumboni, na mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Wengi wa hao hupona polepole kwa dawa, vitamini na maziwa maalum. Ama huenda mirija yenyewe imeziba. Hiyo haiponi kwa dawa, lazima mtoto apasuliwe, tena mapema, kabla ini halijaharibika.

"Kwa macho yanafanana," alisema. "Ndiyo maana hatukai tukingoja."

Nikamuuliza kama chanzo ni bia ninazokunywa Jumapili. Nilikuwa nimebeba swali hilo tangu aliposema ini, na nilikuwa nimeshaacha kunywa moyoni kabla ya kulifikisha mdomoni. Akasema bia zangu hazikuwa na njia ya kumfikia mtoto, ila kama nataka kuacha, ini langu litashukuru. Mke wangu alicheka kidogo. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho kwa muda.

Mtoto alitolewa damu na kupigwa picha ya tumbo. Kwenye picha kifuko cha nyongo kilionekana kidogo sana, na haikuwezekana kuamua kwa hicho peke yake. Daktari akatupangia kumwona daktari wa upasuaji wiki iliyofuata, majibu ya damu yakiwa tayari. Mpaka hapo tuangalie kila choo, na kikipata rangi yoyote tumwambie. Nikasema kazi hiyo ni yangu. Mke wangu akanipa mkoba wa nepi.

Basi nikawa mkaguzi. Shida ni kwamba nilikuwa naona nilichotaka kuona. Kila nepi niliiona ina manjano, nikamwita mke wangu, naye akaipeleka mlangoni na kuniambia hayo ni manjano ya balbu. Nikaanza kupiga picha ili nilinganishe. Mteja mmoja aliyekuwa ameagiza mbuzi wa sherehe akaniomba nimtumie picha ya nyama kwenye simu, nikamtumia bila kuangalia vizuri. Akanijibu, "Boss, hii ni sehemu gani ya mbuzi?" Nilimpunguzia bei, na hatujawahi kuizungumzia tena.

Nyuma ya upuuzi huo wote nilikuwa naogopa. Niliogopa mtoto wangu apasuliwe, na niliogopa zaidi kwamba nilimchelewesha dirishani kwa maringo yangu. Asubuhi moja kichinjioni niliingiza mkono kama kawaida, nikashika ini lenye joto, na chini yake kifuko kimejaa tele. Nikamwonea wivu mbuzi. Alikuwa amening'inia kichwa chini, amekufa, na alikuwa na nyongo ambayo binti yangu hana. Kisu kikateleza, na kile kitu cha kijani kikanitiririkia vidoleni. Wenzangu wakageuka kutazama. Nililitupa ini zima na kusema kisu kilikuwa butu.

Siku ya kumwona daktari wa upasuaji nilimbadilisha mtoto mapema, mama yake akijiandaa. Nilifungua nepi, nikaifunga. Nikaifungua tena. Nikatoka nayo hadi uani kwenye jua, mbali na balbu, nikaiangalia kwa jicho moja kisha kwa lingine. Sikumwita mke wangu. Nilikuwa nimeshamwita mara nyingi bure, na sikutaka kuuona uso wake ukibadilika tena kwa ajili ya macho yangu. Nikaifunga kwenye karatasi tunayofungia nyama, nikaiweka kwenye pikapu, na njia nzima hadi Nakuru sikusema lolote. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa.

Tulipitia kwanza kwa daktari wa watoto kuchukua majibu ya damu. Kabla hajasema neno nikaweka kifurushi mbele yake.

"Mimi sisemi kitu, daktari. Angalia wewe."

Alikifungua, akakipeleka dirishani. Nilimtazama mgongo. Mke wangu akawa amesimama na mtoto, akinitazama mimi, halafu karatasi ya nyama, halafu mimi.

"Mama, njoo uone," daktari akasema. "Hii ni nyongo. Inapita."

Alitueleza kwamba huko bado si kupona. Upasuaji hatatuharakishia, lakini daktari mwenzake atamwona mtoto vilevile. Ini bado limevimba, majibu ya damu yanaonyesha hivyo, na dawa na maziwa na kurudi kliniki vitachukua miezi. Kweli vilichukua. Mke wangu hakuyasikia yote hayo, kwa sababu alikuwa ameinamia ile nepi analia, na mimi nilikuwa nalia kando yake, mtu mzima mwenye harufu ya moshi.

Daktari alipotaka kuitupa nepi kwenye pipa, nikamshika mkono. Nimetupa nyongo kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi. Nikamwomba hiyo moja anirudishie, naye akaifunga vizuri kwenye ile karatasi ya nyama, pembe kwa pembe, akanipa.