Somo Yangu Juu ya Upepo

Nianze na kusema wazi: hii habari inanionyesha mujinga, na si mujinga ya kidogo. Wenye kunijua huku Birere, mutaa yetu ya Goma, watacheka. Wacheke tu, walishazoea. Lakini afazali niiandike mwenyewe, mbele ya wengine waisimulie na kuongeza chumvi yenye haikukuwa.

Ile mwaka nilikuwa mwanafunzi wa Kijaponi. Masomo sikukuwa nayo, niliachaka kisha sizyeme ya primeri, darasa ya sita. Mwalimu sikukuwa naye pia. Nilikuwa na kaye moja, daftari ya jalada ya bluu, biki mbili za kuandikia, na meza ya kuchajia watu telefone. Nyuma ya meza kulikuwa patro yangu, bosi wa kazi, na ordinatere yake, ile kompyuta, yeye anawekea watu filime kwa flashi na kwa kadi ya telefone. Kazi yangu ilikuwa kuchunga chaja zisiibiwe. Basi nikiwa nachunga chaja, naangalia anime, zile katuni za Japoni.

Mu anime niliingia kama vile mutu anaingia mu kanisa ya wengine juu ya kukimbia mvua: sikutoka tena. Zilikuwa zinasemwa Kijaponi na maandiko ya Kifaransa inapita chini, mbio, na mimi Kifaransa yangu ilikuwa ya sizyeme, inatembea polepole. Nikasema hapana, dawa ni moja, nijifunze Kijaponi yenyewe. Kila neno naandika mu kaye. Nilikuwa nasalimia motari wa pikipiki na mama wa mboga "ohayo", njo salamu yao ya asubuhi, na wao wananijibu "wewe na wazimu yako". Nilijua kama volkano wanaiita "kazan", ka ni moto, zan ni mulima. Nikaona hawa watu walikosa tu bahati ya kuzaliwa Goma.

Kisha siansi. Patro alikuwa na filime za siansi zenye hakuna mutu aliombaka, za nyota, za namna ndege inapanda, za moyo ya nyangumi. Niliangalia zote zenye kuko kitu kinalipuka. Zenye hakuna kitu kinalipuka nilizirukia. Na chenye nilijifunza nilikuwa nakigawa bure. Siku moja nikaelezea mama mumoja kama mwangaza ya jua inatembea dakika nane mbele ya kufika kwetu. Alinisikiliza muzuri mupaka mwisho, kisha akaniuliza kama telefone yake imeshajaa.

Mimi sikujua kutulia, na vita nayo haikujua kutulia. Mudogo ya mama yangu, mama mudogo, alikuwa analima maharage kule Kalengera. Vita ikamutoa, akaja Kanyaruchinya, akalala chini ya bashi, turubai ya plastiki, pamoja na wakimbizi wengine miezi mingi. Kisha bunduki ikaanza kusikilika karibu na Kanyaruchinya pia. Akakunja ile bashi yake, akafunga kuku moja kamba ya muguu, akabeba binti yake wa miaka ine mu mugongo, akashuka kwetu. Kwetu ni chumba moja na watu tisa. Alilala usiku mbili akiwa amekaa ku mulango, mutoto mu magoti. Siku ya tatu akasema anaenda kambini, ile yenye wanajenga upande ya njia ya Sake, juu anataka mutoto alale amejinyoosha. Alisema tu vile: amejinyoosha. Papa yangu akanionyesha na kidole: "Utamupeleka. Utamutafutia fasi muzuri. Wewe njo unajua kuongea."

Ilikuwa siku ya posho, njo Jumamosi. Na kila siku ya posho, mutu fulani alikuwa anavuka bariere ya mupaka kutoka Gisenyi na diski yenye filime mpya. Diski inakaa kwetu masaa, kisha inarudi naye mbele ya mupaka kufungwa. Ile posho ilikuwa na vipande sita vya mwisho vya habari yenye nilifuata mwaka muzima, ya kijana mwenye kuwindwa na kivuli yake mwenyewe. Patro alikuwa amenionya: ordinatere imejaa, yeye anakopia zenye watu wananunua, za vita na za ndoa. Kama mimi siko pale kufuta zangu za zamani na kuingiza mpya, kivuli inavuka kurudi Gisenyi, tusionane tena.

Kwa hiyo nilimupeleka mama mudogo mbio. Tukatia vitu na gunia ya maharage ku chukudu, mimi nasukuma ile baiskeli ya miti kama naiba, yeye nyuma ananiita nipunguze.

Kambini, mwenye kuandika majina alituonyesha na mukono tu, kule, mutafute kwenye kumebaki. Sasa, mutu wa Goma anajua yale mawe. Mulima ilitapika zamani, moto ikakauka vile ilipenda, ikabaki na meno. Ukitaka kusimamisha muti moja ya nyumba, unavunja mawe na nyundo, unaenda kuchota udongo mbali, unajaza mu matundu, njo unalala. Ni kazi ya siku nzima, hata mbili. Mimi nilikuwa na masaa matatu.

Njo nikaiona. Fasi kama sahani kubwa, chini kidogo ya nyumba zingine, udongo laini, upepo haifiki, na mutu hayuko. Watu wengi vile wanalala ku meno ya mawe, na fasi ya malkia iko wazi. Majani yake ilikuwa imekauka, njano kabisa, na mvua ilikuwa imenyesha wiki yote. Hiyo niliiona. Niliiona na nikasema muzuri, hatutakuwa na kazi ya kufyeka.

Nikapiga muti ya kwanza. Muzee mumoja akatoka mu nyumba ya juu, na koti ya zamani yenye ilikuwaka ya mutu munene. Akakaa ku jiwe, akaniangalia nikipiga muti ya pili, kisha akasema:

"Kijana, pale watu hawalale. Kuko mazuku."

Mazuku kwetu ni upepo mubaya. Inatoka chini, haina rangi, inakuta mbuzi imelala na inaiacha imelala moja kwa moja. Tangu utoto nilikuwa nasikia vile, pamoja na habari za wenye kuruka na ungo na za mwanamuke mwenye mukia wa samaki mu ziwa. Zote nilikuwa nimeziweka mu gunia moja. Na tangu siansi iliniingia, ile gunia nilikuwa nimeitupa.

Nikamuuliza kama ameshaiona na macho. Akasema haionekane. Watoto walikuwa wameshakusanyika, na wamama wenye kungojea maji, na mimi nikiona watu watano wamesimama ninakuwa profesere.

"Muzee, upepo ni hewa yenye kutembea. Hapa hakuna kitu kinatembea. Sasa huo upepo mubaya anakuja na pikipiki ya nani, nani alimupakia?"

Watu wakacheka. Mutoto mumoja akaiga motari mwenye kubeba upepo nyuma, akiegemea kwa uzito. Nikaendelea. Nikawaambia hewa iko sawasawa fasi zote, nikawaambia kule Japoni kuko milima ya moto mingi kuliko ya kwetu na watu wanalala usingizi wao, nikaongezea "kazan" mara mbili ili somo ikae muzuri. Muzee hakucheka na hakukasirika. Akaniacha nimalize, kisha akaongea na mama mudogo, si na mimi. Akamwambia yeye alizaliwa hapo karibu, na kama lazima walale mule, basi mutoto asilale chini.

Mama mudogo akaniangalia. Nakumbuka ile muangalio mupaka leo. Alikuwa amechoka mupaka uso ilikuwa ya rangi ingine. Akaniuliza polepole: "Ni kweli haina kitu?"

Na mimi nilikuwa nimetazama saa ya telefone. Nikasema, "Mama mudogo, naapa."

"Basi wewe njo unajua."

Nyumba ilisimama mbele ya saa saba. Mutoto akajitupa chini ku udongo, akanyoosha miguu na mikono kama nyota, akacheka. Nikamukanya asimalize fasi yote, nikakimbia. Nilifika Birere diski ikiwa bado. Nilikopia vyote sita. Kijana alimushinda kivuli. Nilifurahi mupaka nikapigia patro magoti.

Asubuhi ya yenga, Jumapili, nikarudi kambini na mikate ine mu sashe ya plastiki, na habari yote ya kivuli tayari mu kinywa, juu yule mutoto alikuwa anapenda nikiiga zile sauti. Nikapita ku mulango ya bashi, hakuna mutu. Kuku ilikuwa inalala upande, kamba ingali ku muguu. Nikapiga muluzi, haikushituka. Nikainama niiguse, na kichwa yangu ikageuka kama nimekunywa. Nikasikia mutu ananiita kwa sauti kubwa nitoke mule.

Walikuwa juu, ku jiwe refu kuliko yote. Muzee amekaa, mutoto amesimamishwa mu magoti yake, kichwa imeanguka ku ile koti. Mama mudogo anamupangusa uso na kitambaa ya maji. Macho ya mutoto ilikuwa wazi kidogo lakini haikuwa inaangalia kitu.

Mama mudogo akanisimulia bila kunitazama. Yeye hakulala, alikuwa amekaa ku gunia ya maharage, tangu vita hajuaka tena kulala amelala. Kulipoanza kupambazuka akataka kupika uji. Akawasha kiberiti, ikawaka, akaishusha ku babula, jiko ya makaa, ikazimika. Ya pili ikazimika. Ya tatu akaishusha polepole kabisa, akaona moto unakufa fasi moja, kama mutu ameuzamisha mu maji. Akazani njiti zimeloa. Kisha akaona kuku. Kisha akaita mutoto, mutoto hakuitika. Akapiga kelele, na muzee akashuka amefunga pua na koti, akamutoa.

Infirmiye, muuguzi wa kambi, walikuwa wameshatuma kumuita. Mimi nikataka kukimbia kumufuata, nikashuka jiwe, nikapanda tena, nikashuka. Nikamuuliza mutoto jina yake. Nikamuuliza tena. Nikainama karibu na pua yake nione kama anapumua, nikakaa pale mbele yake na sashe ya mikate mu mukono, naomba Mungu, na Maria, na kila mutu mwenye nilikuwa nimetupa mu ile gunia.

Muzee akaniambia, "Kijana, toka hapo. Unatuzibia upepo."

Nikatoka. Nikasimama upande. Sijaona somo fupi vile mu maisha yangu.

Ilichukua muda. Kisha mutoto akakohoa, akatapikia muzee ile koti, akaanza kulia. Mama mudogo akaanguka magoti ku yale meno ya mawe, hakusikia hata uchungu. Mutoto alipomaliza kulia akauliza kuku iko wapi. Infirmiye akafika, akamupima, akasema atapona, lakini mule chini asirudishwe hata kwa kucheza.

Nilingoja mama mudogo anitukane. Ingenisaidia. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kama mutu mwenye kutaka kujua, ule muzee jana alikuwa ameongea na mimi luga gani.

Basi nikaazima nyundo. Nilivunja mawe ile yenga yote na siku ya kwanza, Jumatatu, yote, fasi ya juu, karibu na nyumba ya muzee. Nilichota udongo mbali na ndoo, safari nyingi, vidole vikapasuka, na kila mutoto wa kambi alikuwa anapita kuniuliza upepo imekuja na pikipiki ya nani. Ile nilijitafutia. Patro akanipigia, nikamwambia chaja zijichunge.

Siku ya pili, Jumanne, kule Birere, nilifungua zile filime za siansi zenye nilikuwa nimerukia. Moja ilikuwa ya mulima ya kule kule Japoni. Hakuna kitu kililipuka. Ilikuwa inaonyesha muzungu wa siansi na kipimo mu mukono, anaeleza kama mulima ya moto, hata ikiwa imelala, inapumua gazi, hewa mubaya. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka na kujaa mu mabonde kama maji mu sahani. Ndege inatua, inakufa. Moto inazimika. Mutu mwenye kuinama analewa. Niliangalia mara tatu. Ilikuwa mazuku tupu, mutu amemuvalisha blusi nyeupe ya watu wa siansi. Ilikuwa mu ordinatere yetu mwaka muzima, mita moja nyuma ya mugongo yangu.

Mu ile filime, Wajaponi walikuwa wamesimamisha kibao pale: usikae, usiiname. Njo nikapata akili. Nikaomba ubao ku fundi wa chukudu, na rangi nyekundu iliyobaki ku patro. Nikaandika Kiswahili: HAPA USILALE, KUKO MAZUKU. Chini yake Kifaransa. Na juu fasi ilibaki, na juu mimi ni mimi, nikaandika chini kabisa Kijaponi, yale maandiko mawili ya hatari, yenye mistari mingi kama kuni zilizoanguka. Nilikuwa nimejifunza kuyaandika asubuhi ile, mara hamsini mu kaye, yasikosewe.

Nilikisimamisha ku ukingo wa sahani. Muzee akashuka, amefua koti, akakisoma pole na kidole. Kiswahili akatingisha kichwa kukubali. Kifaransa akaruka. Akafika chini, akaniuliza ile ya tatu ni nini. Nikamwambia Kijaponi, na nikangoja kicheko, juu nilijua nimeistahili.

Hakucheka. Akaangalia yale maandiko wakati murefu, kisha akaangalia barabara, kwenye watu walikuwa wanaendelea kuja na bashi ku kichwa.

"Umefanya vizuri," akasema. "Hata wao Wajaponi, siku yao ya kukimbia ikifika, mutoto wao asilale pale."