Maoni Yaliyotangulia Wimbo

Ilikuwa pumzi tu. Mtu aliyekuwa karibu kuimba alivuta hewa, hhh, fupi, kama anayejiandaa kunyanyua ndoo, kisha kiitikio kikaanza. Miaka sita imepita tangu redio ya chumba cha pasi iitoe pumzi hiyo, na mpiga pasi bado anaikumbuka vizuri kuliko anavyoikumbuka siku aliyoajiriwa. Aliacha pasi juu ya koti jeupe la mhudumu wa hoteli muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, na koti likapata alama ya rangi ya chai mgongoni. Msimamizi alimfokea. Yeye akawa anaitikia "samahani, samahani," huku sikio moja likiwa redioni, linangoja mtangazaji amtaje mwenye pumzi.

Mtangazaji alisema ni wasichana sita kutoka Korea, akayapitia majina yao mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua. Mpiga pasi hakushika hata moja. Baadaye, alipowaona kwenye video, akawabandika ya kwake: Kidevu, Mrefu, Mcheshi, wale wawili wanaofanana, na mwenye pumzi akamwita Nzito, kwa sababu sauti yake hukaa chini kabisa, mahali ambapo wengine huweka miguu.

Sasa ana miaka arobaini na mitatu. Hana mume, hana mtoto, na hana muda wa kuulizwa kwa nini. Anaishi na mdogo wake wa kiume na mke wa mdogo wake katika nyumba ya vyumba viwili na jiko lisilotosha watu wawili wenye mabega. Kila asubuhi saa moja huwa ameshasimama mbele ya pasi ya mvuke katika kiwanda cha kufulia nguo, na mpaka saa kumi huwa amenyoosha mashati mia moja na kitu ya watu asiowajua: wapishi, walinzi, wauguzi, wahudumu wa mapokezi. Anawajua kwa kola zao. Huyu hujikuna shingo, huyu hulala na shati, huyu ameanza kupungua mwili.

Kwenye kundi la mashabiki lililo katika simu yake, lenye watu mia tatu na kumi na wawili, wengi wao wasichana wa sekondari na vyuo, anaitwa Shangazi. Walianza kumwita hivyo kwa utani, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, lakini utani ukaota mizizi. Hata majina aliyowabandika wasichana wale, kundi zima sasa huyatumia. Wimbo mpya ukitoka, watoto wale hubishana, hutukanana kidogo, huombana radhi, halafu Shangazi huandika mistari minne mitano, na mtu wa kwanza kuisoma huweka chini yake: "Shangazi kasema!" Hapo mjadala umefungwa. Wanaamini kasomea muziki mahali fulani. Hajawahi kusema ndiyo, ila na hapana pia hajasema.

Ukweli ni kwamba kipimo chake ni shati. Kola kwanza, kisha mabega, mikono, upande wa vifungo, upande wa matundu, mgongo mwisho. Wimbo mzuri humaliza shati moja. Huisukuma mikono bila kuiharakisha, na kiitikio cha mwisho kikifika, shati huwa linaning'inia, lina joto, linangoja mwenyewe. Wimbo mbaya huchanganya mikono. Kwa kipimo hicho hajawahi kukosea katika miaka sita, na kwa sababu hajawahi kukosea, alifanya kosa ambalo shabiki wa siku mbili asingelifanya.

Singo mpya ilikuwa itoke Ijumaa saa sita mchana. Saa hiyo simu zote za wafanyakazi huwa zimefungiwa kwenye makabati ya chuma, na yeye aliona uchungu kufikiria watoto wale wakimngoja saa mbili nzima, waseme Shangazi kazeeka, Shangazi kalala. Basi Alhamisi, baada ya kuosha vyombo, alikaa kitandani akaandika maoni yake kabisa, akaipangia simu iyatume yenyewe Ijumaa saa sita na robo. Kitu pekee alichokuwa amekisikia ni kionjo cha sekunde kumi na tano. Zilizobaki aliziongezea kwa imani. Aliandika hivi:

"Nimesikia, na moyo wangu haujarudi mahali pake. Nzito ameimba kama anayetusamehe sote. Hii ndiyo singo yao bora kuliko zote. Asiyeona hivyo arudie, arudie, mpaka masikio yamfunguke."

Akasoma mara mbili, akaona yamekaa sawa, akalala kama mtoto.

Ijumaa saa nane, wakati wa mapumziko, alifungua kabati, akaichukua simu. Ikatetemeka mkononi kama kuku. "Shangazi kasema!" "Shangazi kasema!" Makundi mengine mawili yalikuwa yameyachukua maneno yake na kuyasambaza. Binti mmoja wa chuo cha uuguzi alikuwa ameandika: "Dakika ya pili, sekunde ya nane. Hapo ndipo Nzito anatusamehe. Nimelia darasani." Watu tisini walikuwa wamekubali kwamba hapo ndipo.

Akavaa hedifoni, akaketi juu ya kapu la taulo chafu, akasikiliza.

Wimbo ulianza kama harusi. Ngoma, vigelegele, Kidevu anacheka. Akatabasamu. Halafu, kabla hajazoea, harusi ikafungwa mlango, kukawa na mlio wa bati na Mcheshi akihesabu kitu kwa hasira. Kisha kukawa na minong'ono. Kisha bati tena. Nzito alitokea mara mbili, mstari mmoja kila mara, kama mgeni aliyechungulia chumba akaona si chake. Halafu wimbo ukakatika. Haukuisha, ulikatika, na mpiga pasi akaigeuza simu kutazama kama betri imekufa. Betri ilikuwa nzima.

Akasikiliza tena. Safari hii hakutabasamu mahali popote.

"Dada, jino linakuuma?" Aliyeuliza ni mwanamume wa mashine za kufulia, ambaye kiwanda kizima kinamwita Povu. Alikuwa amesimama na chupa yake ya maji, kamkazia macho.

"Siumwi."

"Basi umefiwa. Uso gani huo?"

"Wimbo wao umetoka."

"Mbaya?"

"Sijui."

"Mzuri?"

"Si nimekwambia sijui, Povu?"

Povu akanyoosha mkono, akachukua hedifoni moja, akasikiliza huku akitafuna mdomo wake. Akaitoa. "Nyimbo ngapi hizi?"

"Moja."

"Acha masihara."

Ndipo akamweleza, kwa kuwa ilikuwa lazima amweleze mtu, na Povu hana mtu wa kumpelekea habari zaidi ya mashine zake. Alipofika pale pa kutuma kabla ya kusikia, Povu alicheka mpaka maji yakampalia.

"Yaani umemsifia bibi harusi, na wewe hata ukumbini hujafika!"

"Cheka, ukimaliza uniambie nifanye nini."

"Si ufute?"

"Nifute nini? Maneno yameshafika kwa watu nisiowajua hata kwa jina. Halafu nikifuta niseme nini? Kwamba ni mbaya? Na kama si mbaya? Kama ni mimi?"

Hapo Povu aliacha kucheka, akafunga chupa yake. Mpiga pasi akaweka wimbo mara ya tatu, safari hii bila hedifoni, karibu na pasi, akitafuta walau ile pumzi. Kabla ya kiitikio cha pili akanyanyua kidole.

"Hapo! Umesikia? Kavuta pumzi."

"Hiyo ni pasi yako, dada. Inatoa mvuke."

Alirudi kazini akiwa na wimbo kichwani, akaujaribisha kwa shati. Mikono aliinyoosha mara mbili, kola akaisahau kabisa, na alipolitundika lilionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla. Hata hivyo hakuwa na hakika. Labda shati lenyewe. Labda uchovu. Labda wasichana wale wamekua, wameenda mahali ambapo yeye na pasi yake hawawezi kufika, na watoto wa kundi wanapaona. Watu tisini wamesikia msamaha kwenye sekunde ya nane. Watu tisini hawawezi kuwa viziwi. Au wanaweza?

Nyumbani alimkuta wifi yake mlangoni anachambua maharage.

Wifi huyu ana miaka ishirini na tisa na ameletwa na ndoa kutoka mbali. Mwaka wa kwanza wote, maneno yao yalikuwa chumvi, maji na ufunguo. Mpiga pasi alidhani ana maringo, wifi alidhani hatakiwi. Mpaka siku moja, akiosha sufuria, wifi akavumisha kwa pua kipande cha Nzito, kile cha chini kabisa ambacho watu hawakivumishi kwa sababu hawakisikii. Mpiga pasi alisimama nyuma yake akiwa ameshika kikombe. "Umekijulia wapi hicho?" "Unauweka kila siku, wifi. Ukuta wenyewe umeshaujua." Wakacheka, akamwingiza kwenye kundi, na tangu siku hiyo jiko lisilotosha likawatosha.

"Umeshasikia?" mpiga pasi akamuuliza sasa, akivua viatu.

"Nimesikia. Na ulichoandika nimesoma."

"Ukaonaje?"

"Umeandika vizuri sana, wifi," akasema, na akarudi kwenye maharage.

Wakati wa kula, mdogo wake aliwatazama wote wawili wakiwa kimya. "Leo Wachina wenu wamewanunia?"

"Wakorea," wakasema pamoja.

"Haya, Wakorea. Dada namwelewa, ni ugonjwa wake wa zamani. Lakini wewe mke wangu unasikia nini pale? Lugha huijui, ngoma huijui."

"Na wewe mpira unaucheza?" dada yake akamdaka. "Mbona kila Jumamosi unapigia kelele televisheni?"

Akacheka, akaongeza mboga. Yalikuwa masihara ya kila siku. Mpiga pasi hakuona kwamba wifi yake hakucheka.

Kesho yake, Jumamosi, kazi ni nusu siku. Saa nne, wakati wa mapumziko, alipofungua kundi aliona mia tatu na kumi na moja. Alitafuta aliyepungua. Ni wifi. Ametoka saa mbili asubuhi, bila neno. Katika miaka miwili alikuwa ameandika mle mara nne, na mara tatu kati ya hizo ni kumtakia mtu heri ya kuzaliwa.

Alifika nyumbani saa saba na kitu. Mdogo wake alikuwa sebuleni na mpira wake. Wifi alikuwa uani anaanika mashuka, na vibanio vimejaa kwenye mfuko wa aproni.

"Wifi, umetoka kwenye kundi?"

"Nimetoka."

"Kuna mtoto kakuudhi? Nitajie."

"Hakuna. Nilikuwa nasoma tu mle, hata pengo langu halitaonekana."

"Mimi nimeliona."

Wifi alibana pembe ya shuka, akahama pembe ya pili. "Nimeusikiliza mara kumi na moja," akasema. "Uliandika asiyeona arudie. Nimerudia. Mimi nasikia vyombo vinaanguka, wifi. Ile sekunde ya nane nimeitafuta, nimekuta kimya. Sijasikia mtu anamsamehe mtu."

"Basi si..."

"Ngoja nimalize. Mimi shule niliishia njiani, unajua. Kila kitu humu ndani nafundishwa. Hili halikufundishwa na mtu. Wimbo wao ukitoka, nilikuwa nasikiliza kwanza peke yangu, nasema moyoni, huu mzuri, huu hivi hivi. Ndipo nasoma ulichoandika, nakuta ndicho nilichosema. Kila mara. Sikukwambia, lakini nilikuwa nafurahi siku nzima. Ijumaa niliandika yangu, mara ya kwanza, mistari mitatu, nikaona yako yamefika, nikafuta." Akajipangusa mikono kwenye aproni. "Kumbe zile nyingine nilikuwa nabahatisha. Mume wangu kauliza swali la maana. Nasikia nini mimi?"

Kutoka sebuleni kukaja kelele, kisha sauti ya mdogo wake ikimtukana mwamuzi.

"Masikio hayafanani, wifi," mpiga pasi akasema. Lilitoka lenyewe, laini, limenyooka.

Wifi akaitikia kwa kichwa. Aliitikia kwa adabu, macho chini, vile vile alivyokuwa akiitikia mwaka ule wa chumvi na maji na ufunguo. Akainama kuchukua shuka jingine.

Mpiga pasi akabaki amesimama. Aliwaza watoto mia tatu, makundi mawili, binti aliyelia darasani. Aliwaza jina lake, lile la utani lililoota mizizi, na akaona kwamba katika watu wote wanaomwita hivyo, mmoja tu ndiye aliyewahi kusikia kile anachosikia yeye, naye ndiye huyu anayeinama. Akatamani walau angejua wimbo ni mbaya, aseme ni mbaya, yaishe. Hata hilo hakulijua.

Akashika ncha ya pili ya shuka. Wakalivuta pamoja, wakalikung'uta, wakalipandisha kwenye kamba, likashuka kati yao, jeupe na bichi, hata hawakuonana nyuso. Akasogea karibu na kitambaa ili sebuleni wasisikie.

"Niliandika Alhamisi, wifi," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Wimbo nimeusikia Ijumaa, na mpaka sasa sijauelewa."