Posa ya Mtu wa Nyangumi

Shule niliachia darasa la tatu, huko Bungoma nilikozaliwa. Nilikuja Kitale kubeba magunia mpaka bega likaota sugu, na leo kinu cha kusaga mahindi kwenye njia ya Endebess ni changu. Watoto wangu wamesomea unga huo. Kwa hiyo binti yangu aliporudi kutoka Mombasa akasema kuna mtu anataka kuja kumposa, niliuliza swali moja tu: anafanya kazi gani?

"Anasaidia nyangumi, baba."

Nilicheka mpaka mama yake akatoka jikoni.

Walikuja Jumamosi kutoka Kanduyi: kijana mwenyewe, mjomba wake ambaye ndiye msemaji wao, na shangazi wawili. Viti niliviweka ubavuni mwa kinu, na kinu sikukizima. Wateja walikuwa foleni, ndiyo, lakini hata wasingekuwapo ningekiwasha. Kwetu anayeposa hapazi sauti mbele ya baba wa msichana. Akipaza, amekosa adabu na posa imekwisha. Asipopaza, pale kwangu hasikiki. Nilitaka kuona atapitia wapi.

Kijana aliinamisha kichwa, akaongea polepole. Mjomba alimtegea sikio, kisha akanipigia kelele yale maneno. Ati meli kubwa zikipita, injini zake na mapanga yanayozisukuma yanavuma chini ya maji mpaka nyangumi hawasikiani. Mama anaita mtoto, mtoto hasikii. Wengine wanagongwa wakafa. Sasa wao wanashusha kinasa sauti baharini, wanasikiliza, halafu wanawaomba manahodha wapunguze mwendo, au wazunguke mbali na mahali wanaponyonyeshea. Na panga likipinda linyooshwe, maana ndilo linalopiga kelele zaidi.

Hilo la panga nililielewa. Beringi ya kinu ikilika upande mmoja, utaisikia ng'ambo ya mto. Lakini sikumwambia kwamba nimeelewa.

"Kwa hivyo wewe ni mchunga samaki."

"Si samaki, mzee!" mjomba akapaza. "Ni mnyama, ananyonyesha!"

"Basi si amkamue, atuletee maziwa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata shangazi mmoja aliuma mdomo. Kijana hakuinua kichwa.

"Na nahodha akikataa, unafanya nini? Unalia?"

Akanong'ona. Mjomba akaleta jibu: "Anasema anarudi kesho yake, anaomba tena."

"Ombaomba wa baharini, bana!"

Binti yangu akatoka ndani. "Baba, zima kinu watu waongee."

"Nizime kwa nini? Kuna nyangumi hapa?"

Nikamgeukia mdogo wangu aliyekaa karibu nami. Kwenye kinu unamwambia mtu siri kwa kupiga kelele, na wa kiti cha pili hasikii kitu. Nikamwambia, "Waache wamle kuku, kisha waende zao. Msichana nimeshamwahidi yule mwenye malori wa Kapsokwony."

Sikuona binti alivyofika kwenye swichi. Kinu kiliguna, kikanyamaza, na mimi bado nilikuwa natoa maneno. Sikuyameza. Mwanaume hamezi maneno.

"Kama huyo mume ni mzee, malori yake ni mapya!"

Hata mteja wa mwisho kwenye foleni alisikia. Binti naye alisikia, na hiyo habari ya Kapsokwony sikuwa nimemwambia.

Mjomba akasimama. "Asante, mzee. Sasa tumekusikia."

Shangazi wakabeba vikapu vyao walivyokuja navyo. Kijana akanitazama usoni mara ya kwanza, akasema kwaheri kwa sauti ileile ya chini. Binti aliingia ndani, akatoka na mkoba.

"Ukivuka hilo lango, usirudi," nikamwambia.

"Nimesikia, baba."

Kuku wa posa alikuwa bado sufuriani. Mgeni kuondoka bila kumgusa ni tusi, na walijua. Nilimwambia mama yake apakue. Firigisi ya mkwe niliila mwenyewe, mbele ya wateja, na safari hii hakuna aliyecheka.

Yule wa Kapsokwony alipopata habari alisema hataki mke anayemzimia baba yake kinu. Binti nasikia ameolewa hukohuko Mombasa. Mahari hayakuletwa, wala mimi sikuitwa. Akimpigia mama yake simu, mama yake hutoka nje kuongea. Simfuati.