Wadudu Waliolala Kifuani Mwangu

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini kazi yangu hospitalini Nachingwea ilikuwa kupima makohozi. Yaliletwa katika vikopo, mengi ya vibarua wa mashamba ya karanga. Niliyapaka kwenye kioo, nikayapitisha juu ya taa ya spiriti, nikayatia dawa nyekundu, kisha nikainamia darubini kuwatafuta wadudu wa kifua kikuu. Vitambaa vya kufunika pua hatukuwa navyo. Kikopo kikigoma kufunguka nilikibana kifuani nikavuta kifuniko kwa nguvu. Nilijiona mtaalamu, na kusema kweli nilikuwa mjuaji asiyevumilika.

Mke wangu akiwa mjamzito, daktari alituchoma wafanyakazi wote sindano ndogo ya ngozi mkononi, ya kupima kifua kikuu. Siku ya tatu mkono wangu ukavimba. Daktari, Mzungu mwenye haraka zake, akaupima uvimbe kwa rula, akasema wadudu wameshaingia mwilini mwangu ila wamelala. "Huumwi. Rudi kazini." Sikuuliza swali hata moja. Mtaalamu aulize nini?

Mke wangu alijifungua binti kwao Nandagala, ambako ndiko tulikojenga. Mwisho wa mwezi nilipanda lori hadi Ruangwa, nikamalizia kwa miguu. Aliponinyooshea mtoto nilirudi nyuma.

"Kifua changu kina wadudu," nikamwambia. "Nikimpumulia nitamuua."

"Mbona hukohoi? Hukondi? Na ugali unamaliza peke yako!"

"Wewe unajua nini? Mimi ndiye ninayewaona."

Akamrudisha mtoto kifuani pake. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda nyumbani nilikula kwa sahani yangu na kulala barazani. Mtoto alipoanza kutambaa alinifuata mkekani, nami nikawa nahama. Alidhani ni mchezo, akacheka. Nilimpenda mno, hata nikawaonea wivu majirani waliompakata.

Surua ilipita Nandagala kabla hajatimiza miaka miwili. Nilipofika alikuwa ameshavikwa sanda. Mimi baba yake niliingia kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumshika mwanangu.

Niliporudi kazini nilimkuta daktari mpya, akanipa pole. Nikamwambia nashukuru angalau hakufa kwa wadudu wangu, maana sikumgusa. Akanitazama kwa mshangao.

"Wakiwa wamelala hawamwambukizi mtu," akasema. "Nani alikukataza kumpakata?"

Hakuna aliyenikataza. Nilitamani kumlaumu yule wa kwanza, lakini yeye alisema siumwi, nami ndiye niliyeongeza yaliyobaki.

Mwisho wa mwezi nilimpelekea mke wangu maneno hayo, kwa sababu nilishindwa kukaa nayo peke yangu. Nilimkuta uani akipepeta ufuta. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikitegemea atanitukana, na ningeshukuru.

Akauweka ungo chini.

"Kumbe ungembeba tu," akasema.