Ofisi Ilipohamishwa Juu

Boda boda iliniangusha njia ya Njoro, mguu wangu wa kulia ukakatwa. Nilipopona nilirudi kazini kwa magongo. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, na siku hiyo nikakuta ofisi yetu imehamishiwa orofani. Choo kilibaki chini.

Nikamwendea mwenye duka. "Boss, naomba meza yangu iwekwe chini. Kile chumba cha rangi kinanitosha."

"Na rangi nitaiweka wapi?" akaniuliza. "Jikaze kidogo, mama. Utazoea."

Nikazoea, kweli. Nilizoea kupanda nikiwa nimekaa, ngazi moja moja, nikiburuta magongo, na wenzangu wakinipita wakitazama ukutani. Nikazoea kutokunywa chai asubuhi wala maji mchana, nisije nikahitaji kushuka. Mwishowe figo zikaniuma, nikalazwa. Nilipotoka hospitali nikaambiwa nafasi yangu imeshapata mtu.

Nikashtaki. Kesi ikawa ya kuahirishwa: leo jaji hayupo, siku nyingine wakili wao anaugua. Nilichoka hadi nikamwambia wakili wangu tuiache. Akanisihi tumsikize kwanza shahidi mmoja, mama aliyetupikia chai pale dukani. Bado alikuwa ameajiriwa palepale.

Mwenye duka aliapa kwamba sikuwahi kumwomba kitu. Kisha yule mama akasimama.

"Aliomba," akasema. "Nilikuwa hapo nikimimina chai. Na kuna siku nilimbeba mgongoni nikampeleka choo."

Sikujua angesema hilo. Niliinamisha kichwa.

Jaji akamgeukia mwenye duka. "Ni nini kilikuzuia kuhamisha rangi?"

Akamtazama wakili wake.

Uamuzi ulisema mwajiri ana wajibu wa kumtengenezea mfanyakazi mwenye ulemavu mahali anapoweza kufanyia kazi, na huyu hata hakujaribu. Akaamriwa anilipe fidia. Ndugu zangu walishangilia. Mimi nilitaka kulala tu.

Nje nilimkuta yule mama kwenye benchi, amevua viatu.

"Sasa kesho utarudije pale?" nikamuuliza.

"Sijui, dada yangu. Keti kwanza."

Nikaketi. Nikalaza magongo chini, kando ya viatu vyake.