Phelista na Neno "Panga"

Phelista wa Kibomet huuza uji mbele ya ghala la mahindi, na mdomo wake haufungiki. Ndiyo maana kesi ya Gathii ilipofika kortini Kitale, kila mtu aliutaka mdomo huo uwe upande wake.

Gathii, mfanyabiashara wa mahindi, alimuua Khisa, kibarua wake wa kubeba magunia, kwa pigo la chuma. Hilo hakulikana. Alidai alijitetea. Walikuwa wanagombana ndani ya ghala, mtu akapaza sauti, "Panga!" Khisa akainama, naye Gathii akadhani ameinamia panga la kumkata.

Basi, moto ukawaka! Wakikuyu wa mtaa wa Tuwan, kabila la Gathii, wakauliza, sasa angefanya nini? Wabukusu, kabila la Khisa, wakasema ni uongo mtupu, hakuna aliyetamka neno hilo. Huko kwenye simu, watu ambao hawajawahi kuinua hata debe la mahindi wakatukanana kabila kwa kabila. Aibu gani hii!

Phelista alilisikia. Aliyeita ni Wamalwa, msimamizi wa ghala, na kila siku huita hivyo: panga magunia, panga vizuri! Ila siku hiyo alisema "Panga!" tu, akanyamaza. Khisa aliinama kushika gunia.

Kaka yake Phelista, Wanjala, alitoka Bungoma makusudi.

"Dada, Khisa ni damu yetu. Ukitamka hiro neno, kwa boma ya baba usikanyage."

Phelista alilia. Mama yao alikuwa kwenye boma hilo, mgonjwa, hata kuketi hawezi. Aliogopa atazikwa bila yeye kumwona.

Hata hivyo alisimama kizimbani akasema, "Nilisikia panga."

Watu wa Gathii wakashangilia mpaka jaji akawakemea. Wakili wake akatabasamu.

"Mama Phelista, ungekuwa wewe, si ungeogopa?"

"Ningeogopa sana, bana. Ningekimbia. Mlango ulikuwa wazi, mimi ndio nilikuwa nimesimama hapo."

Gathii akajifunika uso.

Nje, Mukami, Mkikuyu aliyenunua uji wa Phelista miaka mingi, alimpita bila salamu. Wanjala alikuwa tayari ndani ya gari. Phelista akashika dirisha.

"Kaka, mama nitamwona lini?"

"Mama gani?" Wanjala akasema, akawasha gari.